Foleni ya Dar inavyokula bei ya nyanya

MKULIMA wa nyanya wa Ilula, mkoani Iringa, anajua gharama ya mbegu, mbolea na dawa. Gharama ambayo wengi hawaiandiki kwenye daftari ni foleni ya Dar es Salaam. Fuso likipita Mbezi saa kumi alfajiri, mzigo unaingia soko la Ilala wakati wachuuzi ndiyo wanafika. Likipita saa moja asubuhi, linajikuta katikati ya magari ya waendao kazini. Tenga linaloshushwa saa nne si lile lililopakiwa: nyanya zimelainika kwa joto, akina mama wa genge wameshanunua, na dalali anataja bei anayotaka yeye.

Mbona foleni haipungui, wakati aina za usafiri jijini zimeongezeka? Daladala zipo, bajaji na bodaboda zimejaa kila kona, treni ya abiria wa mjini ilianza Oktoba 2012 na mabasi yaendayo haraka, maarufu kama mwendokasi, yakaanza Mei 2016.

Wingi wa aina hausaidii kama zote zinagombea lami ile ile. Bodaboda humwahisha mtu mmoja. Bajaji hubeba watatu na kusimama popote anapopungiwa mkono. Mwendokasi ni tofauti kwa sababu ina njia yake, na basi lake refu hubeba watu wapatao 150. Watu hao wakienda kwa magari madogo, wawili wawili, ni magari 75. Kila gari lipewe mita saba pamoja na nafasi ya mbele yake. Huo ni mstari unaozidi nusu kilometa, na nyuma yake ndiko liliko Fuso lako.

Kwa hiyo, ndugu mkulima, basi usilolipanda linakuhusu. Yakiwa machache, abiria aliyesubiri Kimara hadi akachelewa kazini, kesho yake atawasha gari lake. (Tenga lenyewe halipandi mwendokasi, jaribu uone macho ya abiria.)

Wapo wanaosema dawa ni kupanua barabara. Kipande cha Kimara hadi Kibaha, kilometa 19.2, kimepanuliwa kufikia njia nane, na kweli mwendo ni mzuri. Lakini kutoka Kimara kuelekea Ubungo magari ya kawaida yana njia mbili tu kila upande. Muda uliookolewa nyuma unaliwa mbele.

Kwa maoni yangu, fedha zitangulie kwenye mabasi ya kutosha katika njia zilizokwisha kujengwa, na maegesho ambapo mwenye gari ataliacha asubuhi na kulikuta jioni. Bodaboda na bajaji zilete watu vituoni badala ya kushindana nao hadi Posta.

Hayo yatachukua muda, na nyanya hazisubiri. Wanaokodi Fuso kwa kikundi wakubaliane na dereva saa ya kupita Mbezi, kisha wahesabu kurudi nyuma wapate saa ya kuanza kuchuma. Kama upakiaji umechelewa mno, piga simu Morogoro uulize bei ya huko kabla gari halijapita Msamvu. Inaweza kuwa ndogo kuliko ya Ilala, lakini ilinganishe na ya Ilala ya saa nne.