Wakfu Usio na Hesabu

Tajiri akiitoa bustani yake ya wanyama, akaiandikisha kuwa mali ya shirika la hisani, watu humshangilia. Husema kuwa jana simba walikuwa wa mtu mmoja, na leo ni wa ulimwengu mzima. Mimi ni mtu wa Litapunga, katika Wilaya ya Nsimbo mkoani Katavi. Kwetu hakuna bustani ya tajiri yeyote. Kuna wanyama wenyewe, na maili chache tu kutoka mashambani ni pori lao. Sikatai kushangilia. Nakataa kushangilia kabla sijaona hesabu.

Mwenye kuweka wakfu hutoa kitu mkononi mwake kisirudi tena. Kisima kilichowekwa wakfu hakinyimwi mpita njia kwa sababu mjukuu wa mtoaji amemchukia. Lakini kila wakfu una msimamizi, na msimamizi ana watu anaopaswa kuwajibu. Hapo ndipo penye shauri langu.

Gerald Durrell alifungua bustani ya wanyama katika kisiwa cha Jersey mwaka 1959. Mwaka 1963 aliiweka chini ya shirika la kuhifadhi wanyama, naye akabaki mkurugenzi asiyelipwa mshahara. Shirika hilo lilikuwa miongoni mwa waliomwokoa kozi wa Mauritius, ndege ambaye mwaka 1974 walijulikana wanne tu waliosalia porini. Hili ni jema, nalo limesifiwa vya kutosha. Mimi nasifu jingine lisilosemwa sana: mwaka 1977 Yousoof Mungroo, mtu wa Mauritius, alikaribishwa Jersey kujifunza kazi hiyo, na baadaye akawa mkurugenzi wa kwanza wa hifadhi ya taifa ya kwanza nchini mwake. Elimu ilirudi ilikotoka ndege. Huo ni wakfu ninaoutambua.

Sasa tumtazame mwingine. John Aspinall alikuwa Mwingereza wa kamari, na fedha za kamari ndizo zilizojenga bustani zake mbili za Kent, Howletts na Port Lympne. Mwaka 1984 ziliingizwa katika shirika la hisani. Alipofariki mwaka 2000, mwanawe Damian akashika usukani. Mwezi Machi 2021 tume ya serikali inayosimamia mashirika ya hisani nchini humo ilianza uchunguzi juu ya uendeshaji na fedha za wakfu huo. Uchunguzi si hukumu, wala mimi si hakimu wa Kent. Nautaja kwa sababu moja tu: Mwingereza anapotilia shaka wakfu wa tajiri, yupo mwenye mamlaka ya kubisha hodi na kusema, fungueni vitabu.

Je, sisi tumbishie nani?

Swali hili si la kupita mipaka, kwa kuwa wanyama wa Kent wamefika kwetu. Mwaka 2012 faru weusi watatu walitoka Port Lympne wakaletwa Mkomazi, kaskazini mwa nchi yetu. Faru wa Mkomazi walikuwa wamekwisha kwa ujangili, na shirika jingine la hisani, lenye jina la George Adamson, lilikuwa limewajengea wageni hao boma lenye ulinzi. Walioleta faru walifanya kazi ngumu, na watoto wa shule za jirani walichukuliwa kwa basi wakawaone. Sina neno juu ya faru. Lakini mwaka 1988 wafugaji walikuwa wametolewa katika ardhi ile ile pamoja na ng'ombe wao. Walikwenda mahakamani, na mwaka 1999 Mahakama ya Rufani haikuwarudisha. Aliyeongoza orodha ya wadai, kwa kejeli ya majina, aliitwa Faru! Faru wa miguu minne akapewa boma na walinzi. Faru wa miguu miwili akaambiwa kuwa hapo si pake.

Atasema mtu kwamba Mkomazi ni mbali na Mpanda. Ni mbali kwa njia, si kwa sheria. Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2009 yasema kuwa wanyama wote ni mali ya umma, naye Rais amekabidhiwa kama mdhamini kwa niaba ya wananchi. Basi nchi nzima imekwisha kuwa wakfu! Hatuhitaji kumsubiri tajiri atoe alichonacho. Wanyama ni wetu sote, na mdhamini yupo. Kilichokosekana ni daftari la hesabu kusomwa mbele ya wenye mali.

Tazama kinachompata mwenye mali huyu tembo wakimaliza mahindi yake. Hupewa kitu kiitwacho kifuta jasho. Na mtu wake akiuawa, kifuta machozi. Maneno haya yamechaguliwa kwa uangalifu mkubwa. Hayasemi fidia, kwa kuwa fidia hudaiwa na mwenye haki. Kitambaa cha kufutia machozi ni hisani, na asiyepewa hana pa kushtaki. Kanuni za mwaka 2011 ziliweka shilingi milioni moja kwa roho ya mtu. Sijui ni mizani gani iliyotumika.

Na Katavi ina jambo la kuhesabiwa. Hifadhi iliyoanzishwa mwaka 1974 ikapanuliwa mwaka 1998 yategemea mto Katuma, na mto huo hunywesha mpunga wa binadamu kabla haujafika kwa viboko. Kiangazi kikikaza, viboko husongamana matopeni kwa mamia, na wageni huja kuwapiga picha. Mkulima wa juu ya mto hulaumiwa. Ni haki aambiwe kuwa maji yana mwisho. Lakini aambiwe akiwa amekaa kwenye baraza linalogawa maji hayo, naye akiwa na sauti, si akiwa amesimama nje ya lango la Sitalike.

Kwa hiyo likija shirika lolote la hisani mkoani petu, lina jina la tajiri au la mnyama, nitaliuliza mambo matatu kabla ya kupiga makofi: ni viti vingapi vya baraza lake vimekaliwa na watu wa Nsimbo, ni vijana wangapi wa Litapunga litawapeleka kusoma, kama Mungroo alivyosoma, warudi kuongoza na si kulinda lango tu, na ni siku gani ya mwaka vitabu vyake vitasomwa, kwa Kiswahili, katika mkutano wa kijiji.