Dairekta wa Tarime na kadi isiyoingia: kabla hujacheka, kapime boksi lako

Wadau, kuna dairekta wa video pale Tarime mjini wiki hii amechekwa hadi basi. Jina tunaliacha, wenyewe mnamjua. Kapost kadi ya grafiki, RTX 4090, na maneno "Mtanikoma". Siku mbili tu, posti imefutwa. Kumbe kadi haikuingia kwenye kompyuta.

Mimi sicheki. Inasemekana pale wameuzwa ng'ombe waliokuwa wanasubiri mahari, na mnaoijua Tarime mnajua ng'ombe hao hawaguswi hivi hivi.

Hii kadi ilipotoka Oktoba 2022 ilianzia dola 1,599. Ile ya Nvidia wenyewe ina urefu wa milimita 304, yaani inaizidi rula ya shule. Unene wake unakula nafasi tatu nyuma ya boksi, uzito unapita kilo 2. Jamaa anatumia kile kiboksi chembamba cha ofisini cha mtumba. Kadi ni ndefu kuliko boksi lenyewe! Ni kama kununua tairi la lori la mgodini Nyamongo wakati una bodaboda.

Na hata lingeingia, umeme je? Kadi inakula hadi wati 450, na Nvidia wanataka pawa saplai ya wati 850. Viboksi vile nyingi ni wati 200 na kitu. Halafu plagi yake ni ndogo, ina pini 16, na ni lazima izame mpaka mwisho. Wapo watu huko duniani waliiacha imeingia nusu, ikayeyuka. Fundi akikwambia "imeshika hiyo, washa", mwambie asubiri, chungulia mwenyewe.

Kuna mdau kanitumia picha ya studio yake: TV mbili ukutani, zote za HDMI. Bro, kadi hiyo ina tundu moja tu la HDMI, matatu yaliyobaki ni DisplayPort. TV ya pili inataka adapta. Na waya wa skrini unachomekwa kwenye kadi, siyo kwenye tundu la madabodi. Ukikosea hapo, picha inatoka kwenye kile kichipu kidogo ulichokuwa nacho siku zote, wewe unajiona bosi.

Wanaosema "mshamba, vitu hivyo ni vya Dar" wananikera. Video za harusi za Mugumu zinahitaji mashine nzuri kama za Masaki. Kosa lake ni kununua jina bila kuuliza sentimita. Ila muuzaji naye! Unapokea hela ya ng'ombe za mtu, hata humuulizi ana boksi gani? Kwa kazi zake, kadi ya kati ingetosha na mahari ingebaki zizini.

Akipata boksi kubwa, aweke kitu cha kuishikilia kadi isining'inie. Na akienda kupiga harusi Mugumu na mashine yake, aichomoe kwanza, aifunge kwenye boksi lake la dukani. Kilo 2 zikitikiswa njia nzima zinaning'inia kwenye sloti moja, sloti hiyo ndiyo itakayolipa.

Kwa sasa kadi iko kabatini, nzima kabisa. Mwenye boksi kubwa na pawa saplai ya wati 850 pale Tarime, Sirari au Musoma, dondosha komenti, tutamfikishia. Mkwe mtarajiwa naye tunasikia yuko mtandaoni, so komenti kwa adabu.