Unauza Ekari, Unaacha Uchochoro

Ndugu zangu wakulima na wafanyabiashara, leo siongelei viwavijeshi wala bei ya mbolea. Naongelea viwanja. Najua kuna watakaosema bwana shamba amekosa kazi, awaachie watu wa ardhi. Lakini mashamba yanayokatwa viwanja pembeni mwa miji yetu midogo ni yale yale ninayoyatembelea, na wanaoyakata ni ninyi mnaosoma hapa.

Msimu wa masika uliopita mama mmoja alishikwa na uchungu usiku. Gari la kituo cha afya lilikuja, likaishia nyuma ya mashine ya kusaga kwa sababu barabara inaishia hapo. Kutoka pale hadi kwake ni nyumba kumi na moja, na njia pana kuliko zote inatosha pikipiki moja. Walimbeba kwenye blanketi, huku wakikanyaga maji ya choo cha jirani kilichofurika. Alijifungua salama, tunashukuru. Miaka minane iliyopita, nikiwa mgeni kazini, mahali pale palikuwa na ekari tatu za mahindi, na mimi ndiye niliyemwonyesha mwenye shamba jinsi ya kupanda kwa kamba, sentimita 75 kwa 30. Mahindi tuliyapangia nafasi. Walipokuja watu, shamba likauzwa kwa hatua za miguu, kipande kimoja baada ya kingine, kila mnunuzi na mlango wake.

Tukisikia "nyumba za gharama nafuu" wengi tunafikiria nyumba zitakazojengwa na serikali au shirika, halafu tunapewa funguo. Kwenye mji wenye stendi moja na mnada wa kila wiki, usizisubiri. Nyumba nafuu huku kwetu hujengwa na fundi wa mtaani, msingi mwaka huu, boma mwakani, kupaua baada ya mavuno mazuri. Mtindo huo hauna ubaya wowote. Ubaya ni kiwanja kisicho na njia, kwa sababu hicho kinamla mwenye nyumba pesa kila siku. Lori la mchanga linamwaga barabarani, unalipia toroli. Maji unaletewa kwa madumu kwenye pikipiki. Nguzo ya umeme haina pa kusimama, choo kikijaa gari la kunyonya halifiki, basi unachimba kingine karibu na kisima cha jirani wakati tunawaambia kila siku kwamba choo kikae angalau mita 30 kutoka kisimani. Mnunuzi alidhani amepata kiwanja cha bei rahisi.

Sasa tupige hesabu, maana najua muuzaji anachoogopa. Ekari moja, zile hatua 70 kwa 70, ni kama mita za mraba 4,000. Ukikata viwanja vya mita 20 kwa 20 bila kuacha barabara, unapata kumi. Ukitenga asilimia 30 kwa ajili ya barabara na mtaro, inabaki kama mita za mraba 2,800, yaani viwanja saba tu. Hapo ndipo wengi hukunja kamba na kuondoka. Lakini punguza kiwanja kiwe mita 15 kwa 20. Kwenye eneo lile lile utapata tisa. Umepoteza kiwanja kimoja, na hivyo tisa vyote gari linafika. Mwalimu au dereva wa bodaboda hahitaji mita 400 ili kujenga vyumba vitatu. Anahitaji eneo analoweza kulilipia na njia ya kupita. Hivi vipimo vya 20 kwa 20 tumevigeuza dini!

Na msiniambie barabara itapanuliwa baadaye. Nyumba zikishasimama, kufungua njia kunataka fidia, na sheria ya ardhi ya 1999 inataka fidia iwe kamili, ya haki na ilipwe kwa wakati. Halmashauri ndogo inaitoa wapi? Kwa hiyo njia haifunguliwi, au siku moja mnaamka mnakuta alama ya X nyekundu ukutani. Hapo nakiri kosa liko pia upande wetu tulioajiriwa. Mara nyingi ofisi inafika na kopo la rangi mahali ambapo ilitakiwa ifike na ramani miaka kumi kabla.

Mfano upo hapa hapa nchini. Miaka ya 1970 serikali, kwa mkopo wa Benki ya Dunia, ilianzisha mradi wa viwanja na huduma. Dar es Salaam, eneo la Sinza lilipimwa viwanja na kuchorwa barabara kwanza, watu wakajenga wenyewe kwa uwezo wao. Manzese, jirani kabisa, watu walikuwa wameshajenga, ikabidi barabara na maji vipenyezwe katikati ya nyumba. Nenda leo ukatembee sehemu zote mbili. Mwanza, Mbeya, Tanga, Tabora, Morogoro na Iringa nako mradi huo ulifika. Ni kweli pia kwamba viwanja vingi vya Sinza viliishia kwa wenye nacho. Ndiyo maana nasisitiza viwanja vidogo, tena vingi kwa wakati mmoja: vikiwa vichache na vikubwa, mwenye duka la jumla atavichukua vyote.

Namna ya kuanza si ngumu kama mnavyodhani. Wenye mashamba yanayopakana kaeni pamoja, wanne, watano, kabla hajauza hata mmoja. Kila mtu akubali kukatwa sehemu ile ile, asilimia zile zile, ili barabara isimwangukie mmoja peke yake. Hapo ndipo ugomvi unapokuwa mkubwa, hasa aliye mbele barabarani, anayeona yeye tayari ana njia. Mwambieni wazi kwamba mtaro wa wenzake ukiziba, maji yatapita dukani kwake. Kisha mwiteni afisa mipango miji wa halmashauri achore, awaambie upana unaotakiwa. Kwa njia kuu ya kuingilia msifikirie chini ya mita 10. Mpima aje baada ya mchoro kukubaliwa. Gharama yake gawaneni, mtairudisha kwenye bei ya viwanja.

Kwa ardhi ya kijiji, halmashauri ya kijiji haina ruhusa ya kugawa bila idhini ya mkutano mkuu. Karatasi iliyosainiwa na mwenyekiti mmoja na mashahidi wawili chini ya mwembe haitoshi. Na shilingi yoyote mnayolipa ofisini wakati wa kuuziana, daini stakabadhi.

Kama afisa kilimo naongeza langu: bonde liacheni. Mji ukue kuelekea kwenye mwinuko na changarawe. Nyanya na mchicha vinavyolisha mji huo vitatoka wapi mkijaza nyumba kwenye udongo mweusi, ambao kila masika utazibomolea ukuta?

Wenye vyumba vya kupangisha nao wasijifiche. Kumdai muuguzi mgeni kodi ya miezi sita kwa mkupuo kabla hajapata mshahara wa kwanza ni kumfukuza. Miezi mitatu inatosha.

Mkutano mkuu wa kijiji unatakiwa kuitishwa kila baada ya miezi mitatu. Ujao, kabla ya taarifa ya mapato na matumizi haijasomwa, nyoosha mkono uulize: shamba lililouzwa juzi, barabara yake inapita wapi? Ukiambiwa itajulikana baadaye, omba swali lako na jibu hilo viandikwe kwenye muhtasari. Mimi nikialikwa nitakuja na kamba yangu ya kupandia, ina urefu wa mita 50.