Sukari Imepanda, Ipi?

Kiswahili chetu kina sentensi moja ya kuvizia: "Sukari imepanda." Ukiisikia dukani, unajua kilo imeongezwa bei. Ukiisikia kwenye korido ya kliniki, unajua kuna mtu anateremshwa kwenye bajaji huku ameshikwa mikono. Ya kwanza ikitokea, nchi haikaliki. Mwanzoni mwa 2024, mvua za El Niño zilipovuruga uvunaji wa miwa hapa Tanzania na sukari ikaadimika, Bunge lilichemka, redio zikachemka, hata vijiwe vya kahawa (kahawa chungu, jamani!) vikachemka. Sukari ikaagizwa nje haraka haraka. Ya pili ikipanda, tunaambiwa tumwachie Mungu na tupunguze chai.

Tupunguze chai! Chai imekosa nini?

Mimi sina ugomvi na sukari ninayoiona. Mama ntilie akiniletea kikombe, bakuli la sukari liko mezani, limefunikwa kisahani kwa ajili ya nzi, na kijiko nakishika mwenyewe. Nikitia vinne, dhambi ni yangu, na muuguzi akinikaripia nitainamisha kichwa, maana nilihesabu. Ugomvi wangu ni na mtu nisiyemjua, huko kiwandani, aliyeshika kijiko kwa niaba yangu, akanitilia saba, kisha akanichorea embe kwenye boksi.

Shangazi yangu ana mwaka wa tisa na kisukari. Siku alipoambiwa, alirudi nyumbani akaigawa sukari yote kwa majirani, na tangu hapo chai yake haioni hata punje. Anainywa amekunja uso kama anayekunywa mwarobaini. Wali anapima kwa kikombe. Maandazi anayapita kama mtu aliyemkopesha akakataa kumlipa. Na bado kila akienda kliniki namba ziko juu, na kila zikiwa juu anaulizwa swali lile lile kwa sauti ile ile: "Bibi, umekula nini?" Anajitetea mpaka machozi yanamtoka. Nami, nakiri, nilikuwa namwona mwongo. Nilidhani kuna haluwa imefichwa chini ya mto.

Mwezi uliopita nikalala kwake. Asubuhi akafungua friji, akajimiminia glasi ya juisi ya embe ya boksi. Jioni tena. Nilipomtazama akanitoa wasiwasi: "Hii ni matunda, mwanangu. Wananiletea wageni." Na kweli, juu ya kabati maboksi yalikuwa yamepangwa kama matofali. Kwetu mgonjwa haendewi mikono mitupu, na siku hizi zawadi ya mgonjwa ni boksi la juisi. Tunamwombea apone huku tumemshika mkono, na mfuko wa rambo umewekwa pembeni ya kitanda.

Nikaligeuza boksi. Maandishi ya nyuma yalikuwa madogo kiasi kwamba ilibidi niyapige picha kwa simu, kisha niikuze. Kiingereza kitupu. Mbele: embe lililopasuliwa, jani bichi, tone la umande. Nyuma, pale kwenye mkunjo: gramu 12 za sukari kwa kila mililita 100.

Nikamwomba kisosi, kijiko cha chai, na sukari ya wajukuu. Kijiko cha chai kilichosawazishwa hubeba gramu 4 hivi. Glasi yake ni mililita 250. Nikaanza kuhesabu kwa sauti, kimoja, viwili, vitatu. Kwenye cha nne alikuwa anacheka. Kwenye cha tano akanyamaza. Nilipomaliza saba na nusu, kisosi kilikuwa na kichuguu cheupe kinachoporomoka pembeni.

"Hiyo ni ya asubuhi, shangazi. Bado ya jioni."

Akaigusa kwa ncha ya kidole, akaonja, kama anayehakikisha ni yenyewe. "Miaka yote hii," akasema, "nainyima chai yangu."

Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wake mwaka 2015. Sukari huru, yaani ile inayoongezwa kwenye vyakula pamoja na iliyomo kwenye asali na juisi, isizidi asilimia 10 ya nishati anayoipata mtu kwa siku, na ikishuka chini ya asilimia 5 ni bora zaidi. Kwa mtu mzima wa kawaida, hiyo asilimia 5 ni gramu 25 hivi. Vijiko sita. Shangazi yangu, mgonjwa, mwenye nidhamu kushinda askari wa gwaride, alikuwa akinywa kumi na tano kwa glasi mbili, na wala hakujua kwamba ameonja kitu.

Umeona kwamba juisi imo kwenye hesabu? Imo, hata ile ambayo kiwanda hakikuitia kitu, ile ya "hakuna sukari iliyoongezwa". Embe lenyewe, na nyama yake na nyuzi zake zinazokwama menoni, unalila taratibu na tumbo linashiba. Machungwa matano ukiyamenya na kuyala, la tatu litakushinda. Yakamue, uyanywe glasi moja umesimama mlangoni, hutagundua hata kama umekula. Muuzaji anajua hivyo. Ndiyo maana boksi lina picha ya tunda na halina picha ya kisosi.

Tuje kwenye soda. Ukitaka kujua kilichomo, usisome chochote. Chukua chupa iliyoshinda juani kwenye kreti, ifungue, inywe. Utaitema. Haijaharibika hata kidogo. Huo ndio utamu wake wa kila siku. Baridi hupunguza makali ya utamu ulimini na ile asidi yake huufunika, ndiyo maana wanasisitiza uinywe ikiwa baridiii. Soda ya kola ina gramu 10 na ushee kwa kila mililita 100. Chupa ya mililita 350 ni vijiko tisa. Nani kati yenu angeletewa chai ya vijiko tisa asimwulize mpishi kama amerogwa?

Kijana wa bodaboda yeye anauziwa "nguvu". Chupa ya plastiki, bei haifiki buku, mililita 300, na ikiwa na gramu 11 kwa kila mia basi ni vijiko vinane. Anakunywa mbili tatu kwa siku kwa sababu ni rahisi kuliko sahani ya wali maharage, na kwa sababu saa tano usiku abiria bado wapo. Simlaumu. Ninachotaka ni mtu amwambie kwamba ile nguvu ni sukari na kafeini, na kwamba zikimwisha ataitafuta chupa ya nne.

Soda walau inajulikana ni tamu. Kinachonichoma ni vile visivyojitangaza. Tomato sosi ya chupa juu ya chipsi zako: kijiko kikubwa kimoja kina karibu kijiko kizima cha chai cha sukari, na nani anatia kimoja? Yogati ya stroberi, ambayo mama anamnunulia mtoto akidhani amemkwepesha pipi: kikombe kidogo, juu ya utamu wa asili wa maziwa, kina vijiko viwili vitatu vilivyoongezwa. Mkate wa slesi. Unga wa kinywaji cha chokoleti, ambao mwingi, ukisoma viungo, sukari ndiyo inatangulia na kakao inafuata nyuma kama mpambe wa bibi harusi.

Na usidhani itaandikwa "sukari". Itaitwa sukrosi, dekstrosi, fruktosi, sharubati ya glukosi, molasi, juisi iliyokolezwa. Viungo huandikwa kwa kufuata uzito, kizito kwanza. Basi mjanja anaigawa sukari yake katika majina matatu ili kila moja lishuke chini kwenye orodha, na ngano ipande juu ionekane ndiyo mwenye nyumba. Mwizi mwenye vitambulisho vitatu tungemkamata. Huyu tunampangia rafu ya mbele.

Sasa tuje kwa wasio na meno. Aprili 2024, shirika la Uswisi la Public Eye na mtandao wa IBFAN unaotetea unyonyeshaji walichapisha matokeo ya vipimo vya vyakula vya watoto vya Nestlé. Cerelac ya ngano kwa mtoto wa miezi sita, ile inayouzwa Ujerumani na Uingereza, haikuwa na sukari iliyoongezwa. Ya Ethiopia ilikuwa na zaidi ya gramu 5 kwa mlo mmoja. Ya Thailand, gramu 6. Kampuni ikajitetea kwamba imekuwa ikipunguza sukari mwaka hadi mwaka, na kwamba inafuata sheria za kila nchi.

Sheria za kila nchi. Soma tena maneno hayo, polepole. Maana yake ni kwamba mtoto wa London analindwa na sheria na soko la kwao, na mtoto wa Addis Ababa analindwa na huruma ya kampuni. Mashine za kutengeneza uji usio na sukari wanazo. Ujuzi wanao. Kilichopungua ni mtu wa huku kusema hapana. Halafu mtoto huyo akifika mwaka mmoja akiukataa uji wa ulezi wa bibi yake, tunamwita mdeko! Ulimi wake ulishafundishwa kazi kabla hajajua kutembea.

Hapa ndipo huinuka bwana mmoja, hakosekani kwenye kila mjadala, kutwambia kwamba kula ni uamuzi wa mtu binafsi, kila mtu achunge mdomo wake. Bwana mkubwa, nakubali. Lakini nichunge nini nisichokiona? Anayenifumba macho hana haki ya kunicheka nikijikwaa. Na maneno haya ya "mdomo wako" yana wazazi wake. Mwaka 1967, jarida la New England Journal of Medicine lilichapisha mapitio ya wanasayansi wa Harvard yaliyoyatupia mafuta lawama ya maradhi ya moyo na kuipunguzia sukari kesi. Karibu miaka 50 baadaye, mwaka 2016, watafiti wa San Francisco wakaanika nyaraka za zamani: kazi ile ililipiwa na taasisi ya wafanyabiashara wa sukari wa Marekani, dola 6,500 hivi, na wasomaji hawakuambiwa. Vizazi viwili vikahangaika kuondoa mafuta kwenye maziwa na kuweka sukari pengo lilipobaki.

Mwingine ataniambia nachezea mkate wa watu wa viwanda vya sukari vya Kilombero, Mtibwa na Kagera. Lebo inayosomeka haing'oi muwa hata mmoja. Uingereza ilitangaza ushuru wa vinywaji vyenye sukari mwaka 2016, ukaanza kutozwa Aprili 2018 kwa kinywaji chenye gramu 5 na kuendelea kwa kila mililita 100. Unajua kilichotokea? Kabla ya siku kufika, makampuni mengi yalishapunguza sukari yenyewe. Fanta ya kwao iko chini ya hizo gramu 5, na sijasikia Mwingereza aliyekufa kwa kuikosa. Afrika Kusini wakaanza mwaka huo huo, wanatoza kwa gramu, juu ya gramu 4. Chile, tangu 2016, kifurushi kilichozidisha sukari kinabandikwa alama nyeusi ya pembe nane mbele, usoni, kama bango la barabarani, na wale wanyama wa katuni wanaoita watoto wakaondolewa. Hata chui milia maarufu wa nafaka za asubuhi alifukuzwa kwenye boksi lake.

Kwetu? Ushuru wa soda tunautoza kwa lita. Lita yenye vijiko ishirini na sita na lita yenye kumi, mlango mmoja. Hazina inahesabu maji, kliniki inahesabu vidole vya miguu vinavyokatwa. Utafiti wa kitaifa wa 2012 ulikuta zaidi ya asilimia 9 ya Watanzania wa miaka 25 hadi 64 wana kisukari. Hiyo ni 2012, kabla maboksi hayajafika mpaka duka la mwisho wa njia ya vumbi.

Kwa hiyo ninyi wa Shirika la Viwango (TBS), ambao tangu 2019 usalama wa chakula uko mikononi mwenu, na ninyi wa Wizara ya Afya, sidai muujiza. Andikeni mbele. Andikeni kwa Kiswahili, kwa herufi anazosoma mtu aliyesahau miwani. Na msiandike gramu, kwa sababu hakuna nyumba inayopima chai kwa gramu. Andikeni vijiko. "Glasi moja: vijiko saba na nusu." Wenye viwanda watalalamika kwamba mtawaharibia picha ya embe. Waharibieni. Na chakula cha mtoto wa chini ya miaka miwili kikiwa na sukari ya kuongezwa, kisiandikwe chochote. Kirudi bandarini.

Shangazi hajasubiri serikali. Kile kisosi amekataa kimwagwe. Amekifunika kwa kawa ndogo, kinakaa juu ya friji, na sisimizi amewawekea maji kwenye sinia kuzunguka. Jumapili iliyopita jirani alikuja kumjulia hali na maboksi mawili, la embe na la pasheni. Akapokelewa vizuri, akapewa kiti, akaulizwa habari za watoto. Kisha nikamsikia shangazi akimwita mjukuu wake kutoka uani: "Hebu niletee ile sukari ya mgeni."