Si Kila Ukungu ni Mtoto wa Jicho

Hapa Magongo, mzee akianza kuona ukungu, jirani humwambia kuwa ni mtoto wa jicho, angoje akomae ndipo apasuliwe. Kauli hiyo imewapotosha wengi. Mtoto wa jicho hutanda kwenye lenzi. Kisukari huharibu retina, yaani utando wa nyuma unaopokea mwanga, na huko kungoja ni kupofuka.

Kwa baadhi ya maradhi ya retina, sindano imeleta tiba isiyohitaji kisu. Mnamo 2005, Dkt. Philip Rosenfeld wa Miami alijaribu kudunga jichoni bevasizumabu, dawa ya saratani ya utumbo mpana. Dawa hiyo huzuia mishipa dhaifu ya damu isichipuke na kuvuja. Majaribio yaliyotangazwa Marekani mwaka wa 2011, kuhusu maradhi ya retina ya uzeeni, yalionyesha kuwa inalingana na ranibizumabu, ambayo dozi moja iligharimu takriban dola 2,000, ilhali yenyewe iligharimu 50 tu. Mwaka wa 2013 Shirika la Afya Duniani liliiingiza katika orodha ya dawa muhimu.

Hata hivyo, sindano hiyo si muujiza. Hurudiwa mara nyingi, na retina iliyokwisha kubanduka bado huhitaji upasuaji.

Hapana budi, basi, kila mwenye kisukari apimwe macho kila mwaka, hata kabla ya ukungu. Nasi wanalugha tusikwepe wajibu wetu: mgonjwa hawezi kudai tiba ya maradhi asiyoweza kuyataja.