Anayebaki Nyumbani Naye Ana Wito: Tulichojifunza kwenye Filamu ya Mwaka 1946



Tukirudi nyumbani likizo, sisi mafrateri huulizwa mara nyingi: "Frateri, huko seminarini mnaruhusiwa kuangalia filamu?" Jibu ni ndiyo, kwa kiasi na kwa wakati wake. Mtakatifu Thoma wa Akwino, ambaye wanafunzi wa falsafa tunaishi naye karibu kila siku, anafundisha kwamba roho nayo huchoka kama mwili unavyochoka, na kwamba kuna fadhila katika kujiburudisha kwa kiasi. Anatukumbusha mfano wa upinde: ukivutwa muda wote bila kulegezwa, huvunjika.

Kwa hiyo sina haja ya kutetea burudani. Ninachotaka kutetea ni burudani ya aina moja ambayo wengi wetu hatuijui: kuangalia filamu za zamani za Hollywood nyumbani, familia ikiwa pamoja. Nazungumzia filamu zenye sauti, zile zilizoanza kushika kasi baada ya The Jazz Singer ya mwaka 1927, hadi zile za miaka ya 1950. Nyingi hazina rangi. Hazina milipuko mingi wala magari yanayopaa. Nguvu yake kubwa ni maneno: watu wanabishana, wanataniana, wanaombana msamaha. Nasi ni watu wa mazungumzo, ndiyo maana naona zinafaa sana sebuleni kwetu.

Likizo ya Noeli iliyopita nilikwenda nyumbani na filamu moja kwenye flashi. Inaitwa It's a Wonderful Life, ya mwongozaji Frank Capra, mzaliwa wa Sisilia aliyehamia Marekani akiwa mtoto. Ilitoka Desemba 1946. Mama hajui Kiingereza, na dada yangu mkubwa anakijua kidogo, basi nikawa mkalimani, kama wale wanaotafsiri kwenye vibanda umiza. Kila baada ya muda nilisimamisha, nikaeleza, wakauliza, tukaendelea. Filamu ya saa mbili na dakika kumi ikatuchukua karibu saa nne. Hakuna aliyelalamika.

Kisa ni cha George Bailey, anayeigizwa na James Stewart. Ni kijana wa mji mdogo ambaye ndoto yake ni kusafiri, kusoma na kujenga vitu vikubwa. Baba yake anafariki, na bila yeye kubaki, chama cha kuweka na kukopa alichokiendesha baba kitafungwa na tajiri mmoja katili, Bwana Potter. George anabaki. Fedha alizojiwekea kwa ajili ya chuo anampa mdogo wake, Harry, kwa makubaliano kwamba Harry akimaliza masomo atarudi kupokea zamu.

Mama alikuwa wa kwanza kunaswa. Yeye ni mweka hazina wa kikundi cha VICOBA. Kuna sehemu wanachama wanavamia ofisi wakitaka fedha zao siku hiyohiyo, na George, ambaye ndiyo kwanza ametoka kufunga ndoa, anawagawia dola 2,000 zilizokuwa za fungate yake. Anawaeleza kwamba fedha zao hazikai kwenye kasha, bali zimo katika nyumba za jirani zao. Mama akapiga paja: "Huyu anajua kikundi!" Kisha yeye ndiye akageuka mwalimu, akatufafanulia jinsi woga wa watu wachache unavyoweza kuua mfuko wa wengi.

Baadaye Harry anarudi kutoka chuoni. Amekuja na mke, na baba mkwe ana kazi nzuri inayomsubiri. George hasemi neno baya. Anabaki tena.

Hapo dada akasema, "Simamisha kidogo."

Ndugu msomaji, nieleze kwa nini. Mwaka niliochaguliwa kuingia seminari ndogo, dada naye alichaguliwa kidato cha tano. Bei ya kahawa ilikuwa mbaya, na fedha ya marehemu baba ilitosha mmoja. Dada alisema, "Atangulie mdogo wangu, mimi nitakwenda mwakani." Mwakani haikufika. Alianza kukaanga maandazi, na mandazi hayo yalininunulia madaftari, sabuni na nauli kwa miaka sita. Jambo hili kila mtu nyumbani analijua, na hakuna aliyewahi kulizungumza.

Dada akauliza, "Huyo mdogo wake anajua alichofanyiwa?"

Nikamjibu kwamba nadhani anajua. Akakaa kimya kidogo, kisha akasema, "Sikukuonea wivu, mdogo wangu. Ila kila ukija likizo unatusimulia ya huko. Hujawahi kuuliza ya huku."

Sikuwa na la kujitetea. Nilimwomba radhi mbele ya Mama. Tulizungumza hadi chai ikapoa, ndipo tukaendelea na filamu.

Mwisho wake wengi wanaujua. Dola 8,000 za chama zinapotea, George anakata tamaa kiasi cha kutaka kujiua, na malaika aitwaye Clarence anamwonyesha mji ungekuwaje kama asingezaliwa. Harry angekufa utotoni kwenye barafu, kwa kuwa asingekuwepo kaka wa kumvuta. Na wale askari ambao Harry aliwaokoa vitani wangekufa pia. Darasani tunafundishwa habari za sababu za pili, yaani kwamba Mungu hutenda kupitia viumbe vyake. Kwenye mtihani nilikuwa nimelieleza vizuri somo hilo. Sebuleni nililiona limekaa pembeni yangu, limevaa kitenge, mkono mmoja una alama ya kuungua mafuta.

Tunawaombea miito wale wanaokwenda, na ni haki. Tunawapigia vigelegele siku ya upadrisho na ya nadhiri. Lakini nyuma ya wengi wetu yupo aliyebaki ili sisi twende. Naamini huyo naye ameitwa, na anastahili kuambiwa hivyo akiwa bado hai.

Kuna atakayesema kwamba Hollywood si mahali pa kujifunza maadili. Tahadhari hiyo ni ya haki, na Kanisa limekuwa nayo. Papa Pio XI aliandika waraka Vigilanti Cura mwaka 1936 akionya juu ya madhara ya sinema mbaya, lakini pia akikiri uwezo wa sinema njema. Mwaka 1995, sinema ilipotimiza miaka mia moja, Vatikani ilitoa orodha ya filamu 45 zinazostahili kuangaliwa, na hii ya Capra imo. Tena studio za Hollywood zilikuwa na kanuni ya maadili ya mwaka 1930, ambayo Padre Mjesuiti Daniel Lord alishiriki kuiandika, na iliyosimamiwa kwa ukali kuanzia 1934. Ndiyo maana filamu nyingi za wakati ule unaweza kuziangalia na mama yako bila kukimbilia rimoti.

Hata hivyo tusizipokee kama Injili. Dada aliona upesi kwamba mtu mweusi pekee anayepewa nafasi ya maana katika filamu hii ni Annie, mtumishi wa nyumbani. "Kwa hiyo sisi ni wa jikoni tu?" aliuliza. Filamu nyingi za zama zile ziliwaonyesha watu weusi hivyo, au vibaya zaidi, na tunapaswa kulisema wazi mbele ya watoto. Mama kwa upande wake alikasirika kwamba Potter anabaki na zile dola 8,000 bila kuadhibiwa. Tulibishana juu ya haki ya Mungu na haki ya wanadamu mpaka usiku. Ni mara chache nimeshiriki semina ya falsafa iliyo moto namna ile.

Ombi langu ni dogo. Familia zichague jioni moja kwa mwezi, simu ziwekwe kando, iangaliwe filamu moja ya zamani. Anayejua Kiingereza awatafsirie wengine bila haraka. Mtu yeyote akisema "simamisha", isimamishwe, kwa sababu huenda ana neno alilolibeba kwa miaka. Na kwenu mafrateri wenzangu: tukirudi nyumbani, kabla ya kusimulia ya huko, tuulize kwanza ya huku.

Dada ameshaagiza nyingine. Anataka inayohusu mapadre, na nimemchagulia I Confess ya Alfred Hitchcock, ya mwaka 1953, juu ya padre anayeitunza siri ya kitubio hata anaposhtakiwa kwa mauaji. Safari hii nitakwenda mapema, nimsaidie kwanza kukaanga maandazi.