Kidole tumbo kikishakatwa, uliza kilikokwenda

Bila shaka unamjua mtu aliyekatwa kidole tumbo. Ni upasuaji wa kawaida, na baada ya siku chache mgonjwa hurudi nyumbani Kitengela au Kajiado akiwa na nyuzi zake. Kinachosahaulika ni kile kipande kilichotolewa.

Maoni yangu ni kwamba kipande hicho kisitupwe kamwe. Kitiwe katika fomalini, kipelekwe kwa mtaalamu wa patholojia akichunguze kwa hadubini. Kati ya vidole tumbo 100 vinavyokatwa, kimoja hivi hupatikana na uvimbe. Saratani hii ni adimu, tena ni jambazi mjanja: hujificha nyuma ya maumivu yale yale ya upande wa kulia, na daktari aliyepasua anaweza asiione kwa macho.

Kuigundua mapema kuna faida kubwa. Uvimbe wa aina ya kasinoidi usiofika sentimita 1 kwa kawaida huwa umeshatibiwa kidole tumbo kinapokatwa, na zaidi ya wagonjwa 95 kati ya 100 huwa hai miaka 5 baadaye. Ukizidi sentimita 2, mgonjwa mara nyingi hupasuliwa tena, akatolewa upande wa kulia wa utumbo mpana pamoja na tezi zake.

Aina nyingine hutoa ute. Kidole tumbo kikipasuka, ute huo husambaa na tumbo huvimba polepole, hata watu wakadhani ni kitambi. Mwigizaji Audrey Hepburn aliuawa na saratani iliyoanzia kwenye kidole tumbo mnamo Januari 1993, miezi isiyotimia mitatu baada ya kupasuliwa.

Tangu wakati huo tiba imesonga mbele. Madaktari huondoa ute na utando wote ulioathirika, kisha huzungusha dawa za saratani zilizopashwa moto ndani ya tumbo. Ripoti ya mwaka 2012 kuhusu wagonjwa 2,298 wa saratani ya ute ilionyesha kwamba 63 kati ya kila 100 walikuwa hai miaka 10 baadaye. Lakini upasuaji huo huchukua saa nyingi, wataalamu wake ni wachache, na bei yake itaiingiza familia katika harambee.

Utaniambia uchunguzi wa maabara nao una gharama. Ni kweli. Lakini kichupa kinachosahauliwa kabatini kwa sababu hakuna aliyekwenda Nairobi kinaweza kugharimu uhai wa mtu.

Basi kabla ya kupasuliwa, uliza: Kipande kitapelekwa maabara gani? Majibu yatatoka lini? Nani atanieleza maana yake? Ikiwa umepita miaka 40 na kidole tumbo kilikuwa kimepasuka au kimefanya usaha, usikubali kuondoka bila kujibiwa. Na majibu yakitoka, yafuate hata kama kidonda kimepona.